Mama mukwe na kiko cha babu Placide

Pascaline, acha kupika kwanza, usome. Leo ndiyo mama ameniambia kwa nini babu Placide aliishi na mama mukwe wake. Niko nacheka mpaka machozi.

Wakati wa Wabelgiji, pale Kasongo, muzungu mumoja wa pamba alimupa babu kiko. Tumbako hakuvuta hata siku moja. Aliking'ata tu mu meno tangu asubuhi mpaka kulala, watu wamuone mukubwa.

Basi sikio likaanza kumuuma. Kisha shingo, kisha bega. Unajua alisema nini? "Mama mukwe ananiloga."

Mama mukwe! Sikio, shingo, bega, yote yeye.

Mama Cécilia, huyo mama mukwe, akasikia kule Kabambare, akaja na hasira zake, akashinda mulangoni kwa babu kila siku akingoja kuombwa musamaha. Na unajua desturi, mbele ya mama mukwe mwanaume hatii kitu kinywani. Kiko kikaingia mu sanduku.

Maumivu yakaisha. Yote.

"Mumeona?" babu akasema. "Ameondoa uchawi." Mama Cécilia akarudi kwao, kiko kikarudi mu meno, na sikio likaanza tena.

Munganga wa dispanseri akamushika taya. "Ni hapa, Placide. Taya ikichoka, maumivu yanapanda sikioni, yanashuka begani. Acha kiko."

Kuacha kiko? Babu? Alipanda kinga, baiskeli yake, mpaka Kabambare, akapiga magoti. "Mama, rudi ukae kwangu."

Akamujengea nyumba mbele ya mulango wake, na kiko kikarudi mu sanduku.

Siku Mama Cécilia alipozikwa, babu alilia kushinda watoto wake wote. Kisha akaenda kufungua sanduku.