Miwani ya Kijani na Mwali wa Bluu

Bi. Tseng,

Mimi si mtu wa kuomba ushauri, mume wangu Kuo-liang ndiye aliyesema nikuandikie kwa sababu amechoka kunisikia nikilalamika mezani mpaka wali unapoa, na kweli nimelalamika wiki tatu sasa, lakini nisikilize mpaka mwisho utaona nina haki.

Nina miaka hamsini na tisa, nimesaga lenzi kiwandani hapa Taichung miaka thelathini na mmoja, lenzi mbovu nilikuwa naikataa kwa kuitazama tu kabla mashine ya kukagulia, ile ya mwali mwekundu, haijasema kitu, na siku ya kustaafu meneja mwenyewe alinivisha miwani yangu ya kazi, ile ya kijani, mbele ya watu wote, wakapiga makofi, nikalia. Kukaa nyumbani kukanishinda. Nikafungua projekta mbovu, nikatoa kijitaa chake cha bluu, nikakichongea mwili wa shaba kwa tupa, nikakiwekea lenzi niliyoisaga mwenyewe, na leza ikawaka, Bi. Tseng, mwali umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, nikapiga kelele peke yangu juu ya paa.

Siku hiyo hiyo nikajiunga na kundi la mtandaoni linaloitwa Wajenzi wa Mwali, na siku hiyo hiyo nikatuma picha, mimi nimesimama paani, mvua imetoka kukatika, miwani yangu ya kijani usoni, mwali umelenga tangi la maji la jirani, lile la chuma linalong'aa kama kioo, na chini nikaandika, “Tazameni lenzi inavyosagwa.” Basi, hilo tu.

Nilitegemea makofi. Kumbe! Wa kwanza akaandika, “Mgeni, hata hodi hujapiga?” Wa pili akaniambia nikasome kwanza yote waliyoandika tangu zamani kabla sijafungua mdomo. Wa tatu akasema picha ya kwanza ya mgeni ni ya miwani yake peke yake, imelazwa juu ya karatasi yenye jina lake na rangi ya mwali wake, wenyeji waikague, ndipo uruhusiwe kuonyesha ulichowasha. Na huko kila mtu lazima umwite “mkubwa”, hata awe mwanafunzi anayevuta chai ya maziwa kwa mrija, mimi mwenye umri huu nimwite mkubwa!

Halafu akaja msimamizi wao, anajiita Chura wa Fengyuan, ana miaka ishirini na sita, nimeuliza. Akaandika, “Shangazi, miwani hiyo ni ya mwali mwekundu. Bluu inapita humo kama maji kwenye chekecheke. Zima tafadhali, na usilenge tena kitu kinachong'aa.” Mbele ya watu wote! Miwani niliyovishwa na meneja! Nikamjibu, “Kijana, nilikuwa nasaga lenzi wewe ukingali unanyonya.” Akanifungia nisiandike siku thelathini.

Baadaye akanitumia ujumbe wa faragha: “Shangazi, sijakasirika. Nijibu moja tu, unaona doa?” Sikumjibu. Doa naliona, ndiyo, dogo tu, jicho la kulia, lilianza wiki ile ile ya picha, hasa nikitunga uzi kwenye sindano, lakini hilo ni la umri, mama yangu naye alikuwa nalo, sasa nimwambie yule mtoto ili ajione ameshinda?

Mwezi wa nne wanakutana hapa hapa Taichung, kila mtu analaza kazi yake mezani watu waishike, na mimi nataka shaba yangu iwe pale, nataka sana, sitaficha. Je, nimtumie yule kijana boksi la keki za jua, zile za zawadi za hapa Taichung, nimeze uchungu wangu, au nianzishe kundi langu na wenzangu wawili wa kiwandani, wameshakubali, ambako watu watapewa heshima kwa umri wao?

Msaga Lenzi, Taichung

*

Mdogo wangu Msaga Lenzi,

Nakuita mdogo wangu kwa sababu mimi nina sitini na nne, na wewe unapenda mambo yaende kwa umri. Kwa hiyo leo utasikia.

Kwanza hongera. Barua yako nimemsomea mhariri kwa sauti. Mwanamke kastaafu, kachonga shaba kwa tupa, kasaga lenzi yake, kawasha mwali! Nilijivuna kana kwamba ile tupa nimeishika mimi. Kazi hiyo wapo vijana wengi wasioiweza, na usikubali mtu akwambie vingine.

Hongera imeisha. Sasa kaa chini.

Mimi leza siijui, kwa hiyo nilikwenda kwenye kundi hilo mwenyewe. Nilipiga hodi, nikataja jina langu, nikasema sijui kitu, nikamwita kila mtu mkubwa, na ulimi wangu upo bado. Walinipokea vizuri, mmoja akanitania, “Karibu mkubwa Bi. Tseng, umekuja kutupatanisha na wake zetu?” Kisha nikafanya ulichokataa wewe. Nikasoma ya zamani, mpaka ujumbe wa kwanza kabisa, wa miaka saba iliyopita.

Umeandikwa na Chura wa Fengyuan. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana mwali wa bluu, na miwani ya kijani aliyopewa na mjomba wake. Mwali ukagonga birika, ukamrudia. Hakusikia maumivu. Akaona doa dogo, akasema ni uchovu wa mitihani, akanyamaza miezi miwili kwa sababu aliona aibu. Leo akifumba jicho la kushoto akamtazama mama yake, anaona nywele na masikio. Uso hauoni.

Ndiyo sababu picha ya kwanza ni ya miwani. Ndiyo sababu juu ya ukurasa wao wanahesabu siku, na hesabu hiyo hujaiona kwa sababu ulikuwa unatafuta makofi: miaka saba, maelfu ya watu, na hakuna jicho hata moja lililopotea tena. Wanaijivunia hiyo kama wewe unavyojivunia lenzi zako, na wana haki kama wewe. Wewe ulidhani wanalinda viti vyao, kumbe wanalinda macho yako.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umefika siku ya kwanza ukawapokonya wenyeji jembe, ukawaonyesha kulima, tena shamba usilolijua! Miwani ya meneja haina kosa. Kiwandani mwali ulikuwa mwekundu na ikakukinga miaka yote. Itundike ukutani uitazame kwa fahari, lakini kwa bluu nunua ya rangi ya chungwa, waulize wao ipi.

Kundi lako jipya sahau. Watatu mnaoheshimiana kwa umri tu, nani atathubutu kumwambia mwenzake kwamba miwani si hiyo? Na keki za jua mpe Kuo-liang, maskini, amevumilia wali wa baridi wiki tatu. Huko mtandaoni kosa halilipwi kwa keki. Siku thelathini zikiisha, andika hivi, usiongeze chumvi: “Wakubwa, mimi ni mgeni. Nimesaga lenzi miaka thelathini na mmoja na leza siijui. Mlinionya nikawatukana, nisameheni. Hii ndiyo miwani yangu mpya, ikagueni.” Hapo utaona watakavyokuuliza habari za kusaga mpaka uchoke, na mwezi wa nne shaba yako itashikwa na kila mkono.

Lakini hayo ni ya baadaye, na sikupenda ulivyolificha la maana katikati ya malalamiko. Doa la umri halimjii mtu wiki hiyo hiyo aliyolenga mwali kwenye tangi linalong'aa. Labda nimekosea, na nikikosea nitafurahi, nitakuomba radhi hapa hapa gazetini kwa jina langu.

Sasa shika ukurasa huu, vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho la kushoto kwa kiganja, tazama katikati ya mstari huu. Kama mstari umepinda, au kuna neno limemezwa, usimalizie kusoma. Vaa viatu, mwite Kuo-liang, nendeni hospitali ya macho sasa hivi, mwambie daktari neno “leza” bila kuona haya. Mimi usinijibu. Mkiwa njiani, mjibu Chura, amesubiri wiki tatu.

Bi. Tseng