Mkungu Mmoja Hadi Nyumbani, Mwanza

Mama, shikamoo. Natumaini mvua ya huko Rugera imewaachia mkaanika kahawa.

Ulisema utahamia mjini kwangu endapo tu utaweza kutoka sokoni hadi nyumbani kwa miguu yako, mkungu wa ndizi kichwani, bila kusubiri gari la mtu. Basi miji naipima kwa kipimo chako. Dodoma nimeiacha. Ni tambarare, lakini njia nzima ni jua tupu, nikapumzika mara nne.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Mwanza. Nilinunua mkungu wa ndizi za kwetu, nikaweka ile ngata ya majani makavu ya mgomba uliyonisokotea, nikaanza kupanda kilima chao cha mawe. Mama, huku ukibeba hivi wanajua unauza! Kila hatua, “Dada, bei gani?” Nikawajibu siuzi, natafuta nyumba. Wakanitazama kama nimechanganyikiwa.

Nilipumzika mara moja tu, kwenye benchi nje ya kanisa, karibu na chumba cha kupanga nilichoonyeshwa. Bibi mmoja aliyekaa katikati alisogea nikae, akaichukua ngata, akaigeuzageuza, kisha akauliza kwa Kinyambo, lugha yetu, nani kaisokota. Nikamwambia ni mama yangu, huenda akaja kuishi hapa.

Nilipoinuka hakurudi katikati ya benchi; aliiacha nafasi yako wazi.

Anza kuaga majirani taratibu, Mama, na Mungu akutunzie hayo magoti. Ukija, uje na ngata nyingine. Yangu yule bibi hakuirudisha.

Mwanao,
Koku