Chai Baada ya Kurekodi

Jumamosi

Na bado nasema makosa ni ya vikombe. Vikombe hugongana, na maikrofoni yangu inashika kila kitu. Ndiyo maana nilimwambia Mama Njoki, "Chai tutakunywa tukimaliza." Akasema sawa.

Alikuwa ametoka Tetu asubuhi kuja kuwa mgeni kwa podkasti yangu, tuongee juu ya ile filamu ya mzee aliyemwacha bibi yake miaka mingi, halafu akarudi akapewa chakula. Kanisani Mama Njoki huchambua mahubiri mpaka pasta mwenyewe anacheka. Leo kila swali alijibu, "Ilikuwa nzuri." Nilikasirika kimoyomoyo.

Nikazima mashine, nikamimina chai. Alikunywa kikombe kizima, ndipo akaniuliza, "Ati wewe ulisema huyo mama alimsamehe bwana yake?"

Nikasema ndiyo, si alimpikia?

"Alimpikia kwa sababu alikuwa amefika mlangoni. Mtu akifika, unampa kitu kwanza. Mambo ya kusamehe ni ya baadaye, na wengine hatufiki huko."

Alisema "hatufiki." Sikuthubutu kumwomba arudie kwa mashine.

Sasa nimesikiliza rekodi kutoka mwanzo. Sauti ni safi kabisa, hakuna hata kikombe kimoja. Ni mimi nauliza na kuuliza, na mgeni ambaye sijampa kitu ananijibu kwa adabu.