Shoo ya gari langu ilitoka makaburini

Jumatano alasiri, Manundu, Korogwe.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Sasa kuna kijua kidogo kisichokausha kitu. Leo nimeamka mwenyewe, nikajikongoja hadi barazani, nikakaa. Binti yangu Mwanaidi alifurahi, akadhani ni nafuu. Si nafuu. Ni aibu iliyonitoa kitandani.

Nitaandika bila kuzunguka, maana pumzi sinayo.

Ile pikapu yangu iliyo bandani, ambayo wengi mliosoma kwangu mnaikumbuka kwa meno yake ya chuma, shoo yake ya mbele, ule uso unaoziba rejeta, niliitengeneza kwa mikono yangu hapa uani. Hilo mnalijua, nimejisifu nalo miaka zaidi ya ishirini. Msilolijua ni mahali nilipopata chuma chenyewe.

Nilikitoa kaburini.

Shoo ya kwanza ilikuwa ya plastiki. Ng'ombe aliipasua kwenye barabara ya Handeni, gari likabaki limeachama, rejeta yote nje. Mafundi wakaniambia nyingine mpaka iagizwe Dar. Sikuwa na subira. Nilikuwa mwalimu mkuu, na nilitaka gari litazamike kama la mwalimu mkuu.

Siku hizo hizo nikapita kwenye shamba la mkonge lililoachwa, lile nililoanzia kazi ujanani katika shule ya kambi. Mkonge ulikuwa umekufa, karakana haina paa, makaburi ya manamba, wale vibarua wa mkonge, yamemezwa na nyasi. Katikati ya nyasi hizo kilisimama kichwa cha kaburi: fremu ya chuma, ndani yake vyuma bapa saba vilivyopangwa sambamba, ncha zimeviringwa vizuri, na juu kibao cha jina. Gaudensi.

Nilimfahamu Gaudensi. Alitoka Songea, akawa fundi wa karakana ya shamba. Alipofariki, wenzake wa karakana ndio waliomtengenezea kichwa kile, kwa chuma kizuri ambacho kutu ilikuwa haijakigusa. Mwanawe Festo nilikuwa namfundisha darasa la nne. Siku ya maziko nilisimama na mtoto yule, nimemshika mkono.

Basi nikasimama mbele ya kaburi la mtu huyo, na nilichofanya ni kupima upana wa fremu kwa shubiri. Shubiri nne na vidole vitatu. Sawasawa na pua ya gari langu.

Nilijiambia maneno mengi. Kwamba wenyewe walisharudi kwao. Kwamba watu wa vyuma chakavu watakuja tu, afadhali nichukue mimi niliyemjua marehemu. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ni kweli nilimjua.

Nilikata kwa msumeno wa chuma. Kazi sikumpa fundi yeyote, kwa sababu fundi angeuliza. Nilijifungia uani siku mbili. Nikapiga tupa, nikasugua kwa msasa mpaka kikameta, nikatoboa matundu manne, nikafunga kwa boliti. Kibao cha jina nilikitupa chooni.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Nitaiacha kama ilivyo.

Watu walisifu. Jirani mmoja alilizunguka gari mara mbili, akasema, "Mwalimu, hili sasa hata trafiki watalipigia saluti!" Wanafunzi wakaliita Mamba. Nami nikacheka nao, nikawa nalipaki mahali linapoonekana.

Jana alikuja Editha.

Ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, raba zake zimejaa matope. Alipiga goti kuniamkia. "Shikamoo babu. Mimi ni mtoto wa Festo, wa mzee Gaudensi. Baba amesema nisihangaike na mtu mwingine, nimtafute mwalimu."

Festo ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Ukoo wao Songea umeamua udongo wa kaburi la Gaudensi upelekwe nyumbani, uzikwe kando ya mkewe, na Festo anataka lifanyike angali hai. Editha alikuwa ameshinda shambani kule siku mbili. Nusu ya makaburi, akasema, imelimwa mahindi. "Baba anasema kuna kichwa cha chuma, vyuma saba. Nimepekua majani mpaka mikono imechanika, babu. Sijaona chuma hata kimoja."

Akanionyesha viganja. Mwanaidi alikuwa amempa kigoda akae bandani asinyeshewe, naye akaegemea pua ya gari langu. Vile vyuma saba vilikuwa nyuma ya kichwa chake.

Nikasema, "Umri huu, mjukuu wangu. Nimesahau."

Mwanaidi akaongezea kwa huruma, "Baba hata dawa zake anazisahau, dada."

Editha hakulalamika. Alimpigia baba yake ili walau tusalimiane. Sauti ya Festo imekuwa ya mzee.

"Shikamoo mwalimu! Fimbo bado unayo?"

"Ninayo, lakini sasa natembelea."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ulinishika mkono. Ndiyo maana nikamtuma huyu kwako. Kama hukumbuki, usijisumbue. Uzee ni uzee."

Alinisamehe uongo bila kujua ni uongo.

Editha anarudi kwao kwa basi la Ijumaa. Alipoondoka, nilijua kwamba ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza siku tatu tu. Ningenyamaza, Editha angerudi mikono mitupu, Festo angekufa na kiu yake, nami ningezikwa kwa heshima, watu wakisema mwalimu alikuwa mtu mwema.

Sisi Waislamu tumefundishwa tangu chuoni kwamba kosa baina yako na Mungu, Mungu hulisamehe. Lakini haki ya mtu hubaki shingoni mpaka mwenyewe akusamehe. Mwenyewe amelala kule nyasini. Wanaomrithi walikuwa hapa uani pangu, wananiamkia, nami nikawadanganya. Wizi wa miaka ile naweza kusema nilikuwa na kiburi. Uongo wa jana nilikuwa na nini?

Leo asubuhi nilianza na Mwanaidi. Nilimweleza yote. Aligeuka akalitazama gari kwa muda mrefu.

"Baba, si ndilo hili lililonipeleka kwa mume wangu?"

"Ndilo."

Alikwenda akaondoa kanga zake alizokuwa ameanika juu ya boneti, zikiwa bado mbichi, akaingia nazo ndani.

Saa tano akanipigia namba ya Editha, akaniwekea simu mkononi, akaondoka. Nilisema yote kwa pumzi mbili.

"Babu," akasema, "jana nilikuwa nimeegemea nini?"

"Hicho hicho, mwanangu."

Sauti yake ikatoka kavu. "Mimi msamaha sina. Huo ni wa baba, utamwomba mwenyewe. Mimi nataka mahali. Utanionyesha?"

Nikasema nitamwonyesha. Kesho saa mbili asubuhi atakuja na bajaji kunichukua. Nimemwambia aje na jembe, maana nilikata juu kidogo ya udongo, na miguu miwili ya fremu niliiacha ardhini. Kama trekta halijaing'oa, ipo.

Festo bado sijampigia. Nimeahidi kumpigia kesho nikiwa nimesimama pale. Sijui kama hiyo ni heshima au ni woga uleule.

Lakini si hilo linalonitetemesha alasiri hii. Tangu adhuhuri nafumba macho nipaone. Naukuta ukuta wa karakana. Nauona mteremko. Baada ya hapo, je, unahesabu safu ya pili au ya tatu? Yale mawe meupe yalikuwa kushoto kwake, au kulia? Miaka ile sikuhitaji kuhesabu. Kaburi la Gaudensi lilijulikana kwa chuma chake, basi. Sasa kila nikikivuta kile chuma akilini, kinakuja kikiwa kwenye gari. Ardhini sikioni tena.

Jana nilisema nimesahau ili nijiokoe. Kesho, nikisimama kwenye nyasi zile na mtoto wa Festo ananitazama, jembe mkononi, nitanyoosha kidole wapi?