Maji Niliyompa Rafaela

Nyumbani kwa Nakandakari,
Nanjo, Okinawa.
19 Novemba, 2018.

Mpendwa Baba Mdogo Seiei,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na Mama Mdogo, magoti bado yanamsumbua akipanda ngazi? Sisi huku tu wazima. Joto limekataa kuondoka ingawa Novemba inayoyoma. Mume wangu Choei ameng'olewa jino, basi anadeka kama mtoto mchanga.

Kahawa uliyompa mjukuu wako Rafaela aniletee kutoka huko ng'ambo ni nzuri mno. Nainywa kila asubuhi, na kila asubuhi inanisuta. Sababu utaiona hapa chini, usiache kusoma.

Barua yako niliipata Jumatatu iliyopita. Unasema Rafaela alichovya kidole cha kati katika yale maji aliyokuletea kutoka huku, akakupaka kwenye paji la uso mara tatu, kama mama yako alivyokupaka kila mwaka mpya ulipokuwa mdogo, nawe ukalia mbele ya watoto bila haya. Unasema nusu ya chupa umeiweka kwenye friji, mtu asiiguse, ni ya kitukuu wako atakayezaliwa mwezi ujao. Niliposoma hapo nilikaa chini, pale pale jikoni. Baba Mdogo, usimpake mtoto maji yale. Si ya kisima chetu.

Kazi yangu unaijua. Natembeza wageni kwa gari langu, mmoja mmoja, kila mtu na safari yake kama atakavyo. Rafaela alikuja na karatasi uliyomwandikia kwa mkono, mahali saba pa utoto wako, nikajiona nimepewa heshima kubwa. Siku tatu nilimzungusha. Tulipanda kwenye magofu ya ngome, tukapita mashamba ya miwa, na lile jiwe lililokuvunja jino bado lipo, akalipiga teke kwa niaba yako. Kikabaki kisima tu, kile walichochota maji ya kukuosha siku uliyozaliwa.

Kisima hakipo. Kilifukiwa mwaka 1994 barabara ilipopanuliwa, na mwenyekiti wa kijiji aliyegonga muhuri alikuwa marehemu baba, kaka yako. Alisema atakuandikia. Kila mwaka mpya alishika kalamu, akaishia kukusimulia habari za miwa. Alipokuwa anakufa alinikabidhi mimi nikwambie. Leo ni miaka sita.

Pale sasa ni maegesho ya magari ya duka. Kabla lami haijamwagwa, baba alisimamisha paipu nyembamba hadi chini ili kisima kipate kupumua, kama mila yetu inavyotaka kisima kikifukiwa. Ipo hadi leo, kati ya nafasi ya nne na ya tano. Na aibu yangu ni hii: gari nililiegesha hapo hapo. Rafaela alishuka, akashika ile paipu ili asianguke akifunga kamba za viatu, akaniuliza kama kisima kiko mbali.

"Dakika kumi kwa miguu, mwanangu," nikamwambia.

Nikampeleka kwenye chemchemi ya kijiji jirani. Ni pazuri, mawe yake ni ya kale, wageni wangu wote hupapenda. Bi Tsuru, bibi mzee wa kijiji hicho, alikuwepo akiosha mboga. Rafaela alipopiga magoti na kuanza kulia, bibi yule akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo mtoto haijui:

"We Kazuyo, huyu analilia kisima cha nani? Ukoo wenu umeanza lini kuzaliwa upande huu?"

"Nyamaza, bibi, nitakuletea maandazi."

"Basi yawe kapu zima, maana uongo wenyewe si mdogo!" Akacheka hadi akashika mbavu.

Rafaela akafuta machozi. "Shangazi, babu alisema ngazi ni kumi na moja. Mbona nimehesabu saba?"

"Nyingine zilifukiwa wakati wa vita," nikasema.

Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote. Hapa kwetu ukitaja vita, mgeni huinamisha kichwa, haulizi tena. Jibu hilo nalijua vizuri, ni la kazini. Nikamrushia mjukuu wako, na mama yako mwenyewe vita hivyo ndivyo vilivyomchukua. Mtoto wa watu akainamisha kichwa, akajaza chupa.

Mtembeza wageni huzoea kuwa na jibu la kila swali, na kusema "hapapo tena" kunanishinda. Nilikuonea huruma wewe, nikamwonea huruma Rafaela, lakini zaidi nilijionea huruma mimi. Nimekukosea, Baba Mdogo. Naona haya hata kukuomba radhi, ila nakuomba.

Jana nilirudi pale maegesho na chupa tupu. Nilifunga kijiwe kwenye uzi, nikakitumbukiza ndani ya paipu hadi uzi ukaisha. Ukatoka mkavu. Nikawasha ubani, nikainama kuomba msamaha, mwenye duka akatoka kunifokea nimezuia magari ya wateja wake. Kwa hiyo sina cha kukutumia.

Rafaela usimwambie wewe. Nitampigia simu Jumapili, anisikie mwenyewe. Nisalimie Mama Mdogo, na Choei anawasalimu pia kwa mdomo wake uliovimba. Mababu wawalinde, na mama mtarajiwa ajifungue salama.

Mtoto akifika, mpake maji ya bomba la hapo kwenu Campo Grande. Hayo ndiyo yaliyokulelea wanao miaka sitini, na hakuna ndugu yako aliyewahi kukudanganya juu yake.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mwenye kosa,
Kazuyo