Waliolipa Wakakaa Kimya

Kizota,
Dodoma.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa dada Anna,

Mzee Ndahani amekufa. Mkwe wangu, yule aliyekufundisha ngoma kabla hujaolewa. Presha, Jumanne asubuhi. Tumemzika Jumatano kule Mvumi. Nimeanza na hilo ili usije ukakutana nalo katikati ya salamu.

Sasa shikamoo dada. Shemeji hajambo? Watoto je? Mgongo umepoa au bado unaufunga kanga? Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya kufyatua tofali hapa Kizota. Baridi imetushika, na vumbi ndiyo usiseme. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, haipatikani, ndiyo maana nampa Masudi barua hii. Anakuja huko Mpanda na lori la vitunguu.

Mzee hakuteseka. Alikunywa uji, akalala, basi. Tangu mke wangu Emilia afariki, yeye hakuacha kuniita mwanangu. Inaniuma, sitakudanganya.

Sikiliza shida iliyotupata. Kikundi chake cha ngoma kilikuwa na onyesho jana Jumamosi, ukumbini pale Makole. Siyo ngoma ya harusi. Onyesho la kiingilio, viti vimepangwa, tiketi zimeshauzwa. Mabango yenye picha yake na zeze yalibandikwa mpaka Chimwaga kwa wanafunzi. Na mwenye picha tumeshamfukia.

Wazee wakakaa. Wengine wakasema matanga bado, ngoma itapigwaje? Paulina, mdogo wake marehemu Emilia, akasema watu wamelipa na sisi tulikubali. Baba mdogo Petro ndiye akamaliza: "Pigeni. Ila zeze lake liacheni kwa mama yenu."

Paulina ndiye wa kuongoza kikundi sasa. Akaniambia, "Shemeji, leo wakitukataa, kikundi nacho tumekizika Mvumi." Nikamwambia shika ngoma, acha maneno.

Mimi walinikalisha mlangoni nikate tiketi. Ukumbi ukajaa. Paulina akatoka na wanawake wenzake, akashika kipaza sauti, hakuzunguka. "Mzee tuliyewaahidi tumemzika Jumatano. Zeze halitapigwa. Anayetaka hela yake aende kwa shemeji yangu pale mlangoni, hataulizwa kitu."

Nikasubiri na mfuko wangu. Akaja kijana mmoja tu, mwanafunzi. Anasema yeye alifuata zeze. Nikampa yake, wala sikumnunia. Haki yake ile.

Ngoma zikaanza. Dada, hapo ndipo palipoharibika. Paulina anaita, hakuna anayeitikia. Wewe unajua, kwetu ukiita wimbo watu wasiitikie, wamekukataa. Wimbo wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Nikatazama vizuri. Wanaume wamevua kofia. Kina mama wameinama, kanga mpaka kichwani. Nikaelewa. Wamesikia kuna msiba, basi wanamheshimu mfiwa, wanampa pole yao. Na Paulina kule jukwaani anaona wamemkataa! Sauti ikaanza kumkatika.

Nikasimama nikapiga kelele, "Paulina! Imba, sisi tumelipa!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja akanifyonya, "Mkwe gani huyu?" Lakini Paulina akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumanne. Akasema kwenye kipaza sauti, "Umelipa nini wewe shemeji? Umeingia bure, na kiti cha watu umekikalia!"

"Basi nalipa sasa hivi!" Nikatoa hela yangu, nikaitumbukiza mfukoni mwa kikundi, nikachana tiketi wote wakiona.

"Haya, umelipa. Sasa itikia, tulisikie hilo koo lililojaa saruji!"

Watu wakacheka. Akaita, nikaitikia peke yangu. Unaijua sauti yangu, mbuzi ana nafuu. Yule mama aliyenifyonya akaitikia, nadhani ili anifunike. Wakafuata wenzake, ukumbi ukaitika mpaka bati likatetemeka. Kofia zikarudi vichwani, mabega yakaanza kucheza. Paulina alizipiga zile ngoma dada, ungekuwepo ungeusahau huo mgongo.

Yule mwanafunzi nilimkuta nje dirishani, anaitikia maneno hata hayajui. Nikamwambia, "Kijana, ukishaitikia uko ndani. Rudisha hela." Akacheka, akarudisha, akaingia.

Mimi shule sina, lakini naona hivi. Mteja akija kuchukua tofali nilizomkubalia, sitampa mbovu kwa sababu nimefiwa. Namwambia nimefiwa, tofali ndizo hizi, ukitaka chukua. Paulina alifanya hivyo hivyo. Ila mteja wa tofali anapakia anaenda zake. Wa tiketi ana kazi mle ndani. Akinyamaza, hata kwa heshima, mwenzake anabeba wimbo peke yake, na ule hautengenezwi kubebwa na mtu mmoja. Pole wangempelekea nyumbani. Na kweli leo wamejaa kule Mvumi, wengine ni wale wale wa jana, wamekuja na unga na kuni.

Baba mdogo Petro alikaa kiti cha mbele. Nikamuuliza ameonaje. Akasema, "Kaka angewagombeza, mwanzoni mlipiga kama mnaogopa kuamsha mtoto." Halafu akafuta macho, akaomba chai. Mwenye ukumbi naye ameshawaita tena baada ya mavuno ya zabibu. Paulina amekubali kabla hajamaliza kusema.

Nilikwenda kwenye onyesho lile kama mtu anayepelekwa. Nimerudi nimelala vizuri. Sijalala hivyo muda mrefu.

Nisalimie shemeji William, umwambie deni la jogoo nalikumbuka. Sabrina asome, asinifuate mimi. Bibi mkwe wako naye mpe shikamoo yangu. Mungu awalinde hapo nyumbani, awape mvua kwa wakati wake, na mgongo wako aushike Yeye mwenyewe.

Tofali za watu zinangoja. Kesho narudi kazini.

Mdogo wako anayekupenda,
Obedi