Jibi Mia na Hamsini za Baadaye

Nangwa, Hanang
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa ninapoandika wingu limekaa juu ya mlima tangu asubuhi, halishuki wala haliondoki, na mimi nimelitazama mpaka chai imepoa mara mbili. Kwa hiyo ujue mwanao ni yule yule uliyekuwa ukimkuta anatazama bonde huku ng'ombe wako kwenye maharage ya watu. Goti lako linaendeleaje tangu utoke hospitali ya Haydom? Dawa ya kupaka unaipaka kweli, au umeifungia kabatini? Mdogo wangu Patriki na mkewe Judith hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mke wangu Tekla anashona sare za kwaya, watoto wanakohoa kidogo kwa baridi, lakini kula wanakula.

Habari ya huku ni kwamba tangu Juni tuna kompyuta. Ni ile ya mezani, na imeketi sebuleni imefunikwa kitambaa alichotarizi Tekla. Fundi Gerald wa Katesh ndiye aliyetuletea. Kabla hajaiwasha, alitutaka tukae kwanza na karatasi tupange jinsi ya kuigawa diski yake. Diski, mama, ni ghala la ndani ambamo kila kitu kinatunzwa, na letu lina ukubwa wa jibi mia tano; jibi ndicho kipimo chake, kama debe kwa mahindi. Alieleza kwamba ukigawa vipande, siku mashine ikiugua unasafisha kipande kimoja tu, na picha za watoto zinabaki salama kwenye kingine. Akasisitiza tufikiri vizuri, maana ghala tupu ni rahisi kuligawa, ila likishajaa kulipanga upya ni hatari.

Basi nikawa nimepata kazi ninayoipenda. Wiki nzima nilikuwa nikitoka shuleni naketi barazani, nachora mstatili mrefu na kuukata kwa rula, nafuta, nachora tena. Nilikiwazia kila kipande kama chumba, nikawaona watu wakiingia na kutoka, nikawasikia mpaka wakicheka. Kipande cha kwanza huitwa C, nacho ni cha mashine yenyewe. Tekla akauliza A na B zilikwenda wapi. Gerald akajibu kwamba zilikuwa za vifaa vya zamani ambavyo havitumiki tena, na kwa kawaida herufi zao hazipewi mwingine. Hilo lilinikaa kichwani siku mbili. Nilimuwaza marehemu baba, kwamba labda naye yupo mahali ameshika herufi yake, mpaka Tekla akaniambia mahindi niliyoachiwa niyaangalie jikoni yameungua.

Mwishowe nikaipa mashine jibi mia, kazi zangu za shule mia na hamsini, picha na nyimbo za kwaya mia. Zikabaki mia na hamsini. Tekla aliziomba aweke picha za mishono yake, kwa kuwa simu imemjaa. Nikamwambia hizo ni za baadaye. Akauliza baadaye ipi. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu kwamba baadaye ni baadaye, naye akarudi kwenye cherehani yake.

Mwezi uliopita alikuwa akitafuta picha ya gauni alilomshonea Kornelia wa jirani siku ya harusi yake, kwa sababu kuna bibi harusi mwingine alitaka kuiona. Akatafuta sana, halafu akakumbuka kwamba aliifuta mwenyewe. Kile kipande cha picha kilikuwa kimejaa, na kwa muda wote huo alikuwa akifuta za zamani ili apate pa kuweka mpya, wala hakuniambia. Niliona aibu, mama. Nikamwita Gerald, akafungua mchoro wa diski kwenye kioo. Vipande vitatu vilikuwa na rangi ya bluu, na pembeni kulikuwa na mstari mweusi mpana. Akauliza huu ni wa nani. Nikasema ni wa baadaye. Alicheka, akasema mashine haijui baadaye, na kwamba kipande ambacho hakijagawiwa mtu hakishiki hata picha moja, japo nafasi ipo. Akakipa herufi F, na Tekla akaanza kukitumia kabla hata fundi hajaondoka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilipouona ule weusi niliona nyumbani Bashay, pale kati ya zizi na njia ya kanisani, unapopaita pa Yoakimu, yaani pangu, uliponitengea nijenge. Mwaka wa tisa sasa hapajalimwa. Kila msimu Patriki anafika ukingoni na maksai wake anageuza, kisha anakwenda kulima kwa watu kule bondeni. Nimemwona kwa macho yangu akigeuza, na hajawahi kuninung'unikia hata neno moja.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungeniuliza kama nimekula na mimi ningepata pa kujificha. Krismasi iliyopita mimi na wewe tulichomeka vijiti pale. Ulichagua jiko liwe upande gani, nami nikahesabu hatua za sebule kwa makini, ukafurahi sana. Siku ile, mama, nyumba yangu hapa Nangwa ilikuwa imeshafika kwenye madirisha. Tumehamia tangu Mei. Nilikudanganya. Sikuogopa hasira yako. Nilipenda tu jinsi unavyowaambia watu kwamba mwanao mkubwa anarudi, na sikutaka uache kusema. Nimeona haya kuandika hivi, lakini ni kweli. Nisamehe.

Patriki, najua wewe ndiye unayesoma, kwa kuwa macho ya mama siku hizi hayapati maandishi. Najua pia kwamba ukifika hapa utakunja karatasi useme barua imeisha. Usikunje. Msomee kama nilivyoandika: Yoakimu harudi kujenga, na mahali pale apewe Patriki, alime kabla ya mvua za Novemba. Litaje jina lako kwa sauti, usilimeze. Na wewe mama, akikwama hapo mngoje, usimkemee, maneno ni yangu.

Krismasi tutakuja wote. Judith atutandikie kwake, watoto hawana shida ya kulala chini. Wasalimie majirani, na mwambie padre nitamwona. Tekla anakuamkia, na wajukuu wanakuamkia kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Yoakimu, wa Nangwa